Sebule ya vuli Dar: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri, kipi uachane nacho

Kila ifikapo Septemba simu zetu hujaa picha za sebule za Ulaya: blanketi nene la sufi limeangushwa juu ya kochi, maboga yamepangwa mezani, mishumaa inawaka, na chini kuna kapeti la manyoya ambalo mguu unazama mpaka kifundoni. Huko majani yanapukutika, baridi inabisha hodi, na watu wanapamba nyumba ili wajifungie ndani. Kamusi zetu huyaita majira hayo vuli. Vuli ya Dar es Salaam ni kitu kingine. Ni mvua za Oktoba hadi Desemba, kusi imeshatulia na kaskazi haijashika sawasawa, joto linapanda wiki hadi wiki, na unyevu unaingia mpaka kwenye droo za nguo. Anayenunua kwa kufuata zile picha anainunulia nyumba ya London vitu, kisha anavitandika Tabata.

Mimi nashona mapazia na foronya za mito ya makochi, na kazi hiyo huniingiza kwenye sebule nyingi za jiji hili, kabla ya mvua na baada ya mvua. Ninayoyapanga hapa nimeyapima kwa mambo matatu. Kitu kinabadilisha chumba kiasi gani kwa pesa uliyotoa? Kinafulika na kukauka wiki ya mawingu? Na ukihama, unahama nacho? Wengi wetu ni wapangaji, na hilo la tatu huwa tunalikumbuka siku kirikuu imeshapaki mlangoni.

Kuhusu rangi, miaka hii ya karibuni mitindo ya nje imetuendea vizuri. Pantone, kampuni ya Marekani inayotangaza rangi ya mwaka, ilichagua Mocha Mousse kuwa rangi ya 2025, kahawia laini kama kahawa iliyotiwa maziwa, na kahawia ikatapakaa kila mahali pamoja na ndugu zake: rangi ya udongo, haradali, kijani cha zeituni, damu ya mzee. Hizi zinakaa vizuri kwenye jua letu kali, na zinavumilia vumbi na tope kuliko ule mtindo wa kijivu na nyeupe uliotawala sebule zetu kwa muda mrefu. Kwa hiyo chukua rangi zao. Vitambaa vyao vizito waachie wenyewe.

Namba 1: Mapazia na shela

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua mapazia. Hakuna kitambaa kingine kinachochukua eneo kubwa hivyo la sebule, na hakuna kinachochagua mwanga wa chumba kama pazia. Nimeona chumba chenye makochi ya zamani kikafufuka kwa kubadilishiwa shela tu, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga.

Kwa vuli, mpangilio ninaoupenda ni shela nyepesi ya rangi ya maziwa, yenye mfumo wa nyuzinyuzi kama kitani, na pande mbili za pazia la uzito wa kati, rangi ya udongo au ugoro. Shela inabaki imefungwa mchana ili hewa ipite, pazia linafungwa usiku tu. Yale mapazia mazito yenye bitana nyuma, hasa ya mtumba kutoka nchi za baridi, ni mazuri kwa macho na yameshonwa kwa ustadi, lakini yakishalowa kwa mvua ya upepo hayakauki upesi, na ndani ya wiki mbili unaona vidoa vyeusi vya kuvu kwenye pindo. Kama umeyapata Ilala kwa bei nzuri, yatumie chumbani upande usiopigwa na mvua, au mwambie fundi atoe bitana.

Vipimo ndipo watu wanapopoteza pesa. Usipime dirisha, pima bomba la kutundikia pazia. Dirisha la futi tano ni kama mita moja na nusu, na bomba lake linapaswa kuzidi kila upande walau sentimita 20, yaani karibu mita mbili. Ili pazia lipate mikunjo, kitambaa kiwe mara mbili ya bomba: mita nne. Vitambaa vingi vya mapazia vina upana wa mita 2.8, na upana huo ndio unaosimama kuwa urefu wa pazia lako, kwa hiyo hizo mita nne unakata mara moja bila kuunga. Muuzaji akikwambia mita mbili zinatosha, utapata pazia lililokaza kama ngozi ya ngoma. Chini acha nafasi ya vidole viwili kutoka sakafuni, kwa ajili ya deki na kwa ajili ya maji ya mvua yanayopenya.

Kabla ya kulipa, shika kona ya kitambaa kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, achia. Kikibaki na makunyanzi makali, kitakuwa hivyohivyo dirishani. Kisha kinyanyue kwenye mwanga: nyuzi zikionekana zimeachana hapa na pale, jua la Januari litakimaliza.

Kitu ambacho wateja wangu husahau ni nondo za dirisha. Kutu ya nondo ikigusa shela iliyolowa, lile doa halitoki. Nunua kopo dogo la rangi ya mafuta, paka nondo, subiri zikauke siku mbili, ndipo utundike. Na ringi za bomba zisiwe za bati lililopakwa rangi. Chukua za mbao au za plastiki nzuri.

Vitambaa vipo Kariakoo, na ukiwa na subira utavipata kwa bei ya jumla hata kwa mita chache ukichangia jora na jirani. Nenda asubuhi katikati ya wiki, nenda na futikamba yako mwenyewe. Ukiingia dukani na winga, yule dalali anayewapeleka wateja madukani, ujue ujira wake umo ndani ya bei utakayotajiwa. Si vibaya, anakuokolea muda, ila usishangae. Na usingoje Desemba. Mafundi wote wakati huo wanashona nguo za sikukuu, na pazia lako litalala chini ya meza mpaka mwaka mpya.

Namba 2: Mkeka wa ukindu

Hapa nina uchungu wangu. Miaka michache nyuma nilinunua kapeti la manyoya, jeupe, kwa pesa niliyoidunduliza miezi minne. Muuzaji alinihakikishia linafulika. Mvua ya usiku mmoja mwezi wa Novemba ikapita chini ya mlango, ikanywewa na kapeti lote. Nilianika siku sita na kila jioni mvua ikanikimbiza. Harufu ya uvundo haikutoka, na yale manyoya yakagandana kama manyoya ya kondoo aliyenyeshewa. Niliishia kulikata vipande vya kuwekea mlangoni.

Mkeka haukufanyii hivyo. Unakunjwa kwa sekunde chache maji yakija, unakauka kwa upepo tu, ni baridi mguuni wakati wa joto, na hauhifadhi vumbi, jambo kubwa kwa nyumba yenye mtoto wa pumu. Na cha ajabu, ndio mtindo wenyewe: vitu vya kusukwa vya majani vimejaa kwenye maduka ya mapambo ya Ulaya kwa bei ambazo mabibi zetu wa Rufiji na Pemba wangezistaajabia.

Jua unachonunua. Mkeka wa ukindu ni laini, umesukwa kwa makuti membamba ya mkindu, hubeba rangi vizuri. Jamvi ni la miyaa, pana na gumu zaidi, linafaa barazani au chini ya meza ya chakula. Tazama ukili, ule ukanda uliosukwa ambao mkeka hushonwa kwa kuzungushwa au kuunganishwa ubavu kwa ubavu. Ukili mwembamba ni kazi ya siku nyingi na mkeka wake hudumu. Vuta mahali ukili ulipoungwa: uzi ukicheza, mkeka utafumuka ndani ya mwaka. Halafu lowesha kitambaa cheupe kidogo, sugua sehemu ya zambarau au nyekundu. Rangi ikitoka kwenye kitambaa itatoka pia kwenye nyayo za wageni mpaka kwenye kochi. Mwisho nusa. Mkeka mzuri unanukia majani makavu. Ukinuka ghala, umeshashika unyevu, uache.

Kwa sebule ya wastani, mikeka miwili midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa, maana mmoja unaanikwa mwingine ukiwa kazini. Usikunje mkeka kama shuka, uviringishe.

Kapeti la mkonge nalo linapendeza, na mkonge tuna historia nao tangu ulipoletwa Tanganyika mwaka 1893, lakini nyuzi zake hunywa maji na kubaki na alama. Liweke chumba kisichofikiwa na mvua, au lisubiri kiangazi. Mkeka wa plastiki ni rahisi na unaoshwa kwa bomba. Kwa nyumba yenye watoto wadogo sitakulaumu hata kidogo.

Namba 3: Mwanga wa njano

Sebule nyingi za Dar zinawaka mwanga mweupe wa duka la dawa. Ukishatundika mapazia ya rangi ya udongo, mwanga huo unayaua. Kwenye boksi la balbu tafuta 2700K au 3000K; hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, na namba ikiwa ndogo mwanga ni wa njano zaidi. Ile yenye 6500K iweke jikoni. Angalia pia kama kishikizo chako ni cha pini au cha kuzungusha, watu hurudi dukani kwa kosa hilo kila siku. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku hula yuniti 1.35 kwa mwezi, wakati ile ya zamani ya wati 60 ilikula yuniti 9, kwa hiyo Luku itakushukuru.

Sasa kofia ya taa. Taa za kusukwa zinazoning'inia ndizo zinazotafutwa, na maduka ya mapambo yanaziuza ghali. Chukua kawa la ukindu, lile la kufunikia chakula, mwite fundi umeme atoboe juu na kupitisha waya. Ukutani kinatokea kivuli cha msuko ambacho hakuna picha ya simu inayokitendea haki. Sharti moja: tumia LED peke yake, kwa sababu balbu ya zamani inapata moto na ukindu ni mkavu.

Namba 4: Foronya za mito ya makochi

Usinunue mito mipya, nunua foronya. Kitenge, batiki au kikoi, zenye zipu ili zivuliwe na kufuliwa. Doti moja ya kanga inatoa foronya nne na kitambaa kinabaki, ila kanga ni nyepesi, iwekewe kitambaa cha pamba ndani. Changanya mbili za rangi moja tupu, haradali kwa mfano, na mbili za maua. Velveti inapendeza sana kwenye picha. Kwenye joto la Desemba linalozidi nyuzi 30 inashika mgongo wa mgeni.

Namba 5: Mimea

Mvua ndiyo rafiki yako hapa, miche inashika upesi. Wauzaji wapo kando ya Barabara ya Bagamoyo na sehemu nyingine nyingi. Ninayoipendekeza kwa sebule yenye mwanga mdogo ni zamioculcas, yenye majani mazito yanayong'aa. Ulaya wanaienzi ndani ya vyungu vya gharama, na asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki. Inamwagiliwa mara chache na haifi kwa kusahauliwa. Chungu kiwe cha udongo chenye tundu. Sahani ya chini imwagwe maji kila baada ya siku mbili tatu, tafadhali, maana mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi kidogo kama hayo, na jiji hili limeshaumia kwa dengi, mwaka 2014 na tena 2019.

Namba 6: Picha ya ukutani

Tingatinga, bila kuzunguka. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, na wachoraji waliomfuata bado wako Morogoro Stores, Oysterbay. Nenda uwaone wakichora, ununue turubai bila fremu, fremu utengenezewe na seremala wa mtaani kwako. Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaolia maji wakati wa mvua. Vikapu vya milulu vya Iringa, vinavyopatikana Mwenge kwenye vinyago, navyo vikipangwa vitatu vitatu ukutani vinatosha kabisa.

Usinunue

Karatasi za ukutani na zile stika za sponji zenye umbo la matofali. Ukuta wetu unapumua unyevu, gundi inaachia pembeni, nyuma yake panaota kuvu, na siku ya kuhama unabandua pamoja na rangi ya mwenye nyumba, naye atakata kwenye fedha yako. Ukuta ukichosha, paka rangi ya maji upande mmoja tu, kwa ruhusa yake.

Mishumaa ya manukato pia iache dukani, hulegea kwa joto kabla hata ya kuwashwa. Badala yake, chetezo cha udongo, kaa moja la moto, udi kidogo baada ya mvua ya jioni, madirisha wazi na shela ikipepea.