Minitel au Prestel?

Wanaokumbuka huduma za mtandaoni za kabla ya wavuti huitaja zaidi Minitel ya Ufaransa, ingawa Prestel ya Uingereza ilitangulia, mwaka 1979. Zote zilipitia waya wa simu kwa kasi ya kinyonga: biti 1,200 kwa sekunde kupokea, 75 tu kutuma.

Zilitofautiana mlangoni. Prestel ilimtaka mteja awe na televisheni maalumu au kifaa cha kuunganishia, kisha alipie usajili, simu na hata baadhi ya kurasa. Ufaransa iligawa vifaa bure, badala ya kitabu cha namba za simu, na matumizi yakaingizwa kwenye bili ya simu. Basi watu wa kawaida wakakata tiketi za treni humo. (Na wakapiga soga za mapenzi usiku kucha, hapo ndipo watoa huduma walipochuma hasa.)

Kwa mpenzi wa kompyuta, hata hivyo, mimi ningechagua Prestel. Kupitia Micronet 800, sehemu ya Prestel ya wapenzi wa kompyuta, mwenye ZX Spectrum (kompyuta ndogo ya nyumbani) na modemu, yaani kifaa cha kuiunganisha na waya wa simu, alipakua programu na kuiendesha nyumbani. Minitel ya kawaida ilikuwa kioo na kibodi tu, haikuhifadhi kitu. Ila huduma yenyewe ilidumu: ilizimwa tarehe 30 Juni 2012.