Mrija wa kupimia mafuta ya ndege ndogo: mzuri, lakini haufai bila jedwali

Kwa Cessna 172 na ndege za jamii yake, mrija huu wa plastiki angavu ni wa kuaminika kuliko geji za boya, hasa zilizozeeka. Hauna waya wala betri. Unauteremsha wima mpaka uguse sakafu ya tangi, unaziba tundu la juu kwa kidole gumba, unautoa na kusoma mafuta yalipokomea.

Kasoro iko kwenye namba. Mrija unaouzwa kwa ndege zote una mistari ambayo si lita wala galoni, hivyo jedwali la kugeuza mistari kuwa lita unalitengeneza mwenyewe. Egesha ndege mahali tambarare, toa mafuta hadi yabaki yale yasiyotumika, yaani ya chini ya tangi ambayo injini haiwezi kuyavuta, kisha ongeza lita 10 kwa 10 kutoka pampu iliyohakikiwa. Kila mara pima mara tatu na uandike vipimo. Fanya hivyo kwa kila tangi. Kuazima jedwali la ndege nyingine ni hatari, kwa sababu matangi ya masafa marefu hayalingani na ya kawaida.

Mteremko nao hudanganya: valvu ya kuchagua tangi ikiachwa wazi kwa matangi yote mawili, mafuta huhamia bawa la chini. Na mrija ukipata ufa karibu na tundu la juu, hewa huingia na mafuta hushuka ukiwa bado unasoma. Huo tupa.

Usitarajie mrija ukufanyie hesabu. Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani ikatua bila injini Gimli, Kanada. Vijiti vya kupimia matangi vilikuwa vimesomwa sawasawa, lita 7,682, lakini ili kupata uzito kwa kilo wahusika walizidisha kwa 1.77, ambayo ni ratili (pauni) kwa lita, badala ya takriban 0.8, ambayo ni kilo kwa lita. Ndege ikaondoka na chini ya nusu ya kilo 22,300 zilizohitajika. Marubani nao walikuwa wameikubali hesabu hiyo.

Nauopa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotea kwa sababu hakuna sehemu ya kuandikia kizio cha kipimo. Mwenye nao aandike JEDWALI: LITA na namba ya usajili wa ndege kwenye mrija, kwa wino usioyeyuka kwenye petroli, na nakala ya jedwali ikae pamoja na orodha ya ukaguzi.