Nota za "Deep River" kwa fidla: nilivyozinunua na nilivyozipiga

Nilizinunua mtandaoni, chapa mpya ya toleo la zamani, fidla na piano. Wimbo ni wa watumwa wa Marekani. Samuel Coleridge-Taylor, mtunzi wa London ambaye baba yake alitoka Sierra Leone, aliupangia piano katika mkusanyo wake wa nyimbo 24 uliotoka 1905. Mpiga fidla Maud Powell akaugeuza uwe wa fidla, na mwaka 1911 akaurekodi. Rekodi yenyewe ina mikwaruzo, lakini isikilize kabla hujanunua chochote.

Nianze na lawama. Ukurasa wa mwisho wa piano umekatwa ukingoni, mkono wa kushoto hausomeki. Nililalamika, muuzaji akatuma ukurasa mwingine, nao umekatwa palepale! Dada anayenipigia piano kanisani akajazia kwa sikio.

Muziki sasa. Vidole havisumbuki sana. Kazi yote iko kwenye upinde. Noti ni ndefu, na ukiuachia upinde mwanzoni unafika nchani kabla noti za neno "Jordan" (Yordani) hazijaisha. Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya madoido: kila noti nikaitetemesha, kila kuruka nikatelezesha kidole. Nikajiona fundi. Baada ya ibada mzee mmoja wa kwaya, besi wa miaka mingi, akanisogelea.

"Mwanangu, wimbo huo una maneno?"

"Unayo, mzee."

"Mbona sikuyasikia?"

Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nikaona nakala yangu haina hata neno moja chini ya mistari. Nikachukua penseli nikayaandika yote: mto wenye kina, kwetu ni ng'ambo ya Yordani. Kisha nikaimba, vibaya kama kawaida yangu, nikiweka mkato kila nilipovuta pumzi. Mikato yangu haikulingana na alama za upinde zilizochapwa. Nikafuata pumzi. Utetemeshaji nikaubakiza pale katikati tu, wimbo unapopanda kwenye ile karamu ya injili. Hizi ni sauti zilizotoka vifuani mwa watu kabla vijana wa Chuo cha Fisk, chuo cha Wamarekani Weusi huko Nashville, hawajazipeleka majukwaani kuanzia 1871. Fidla ikizipaka sukari, kinachobaki ni muziki wa hotelini.

Mzee nilimpigia tena Jumapili mbili baadaye. Hakusema kitu, ila aliuliza Yordani iko mstari gani, nikamwonyesha kwa ncha ya upinde.

Ninachotaka kujaribu baada ya hapa ni "Bandanna Sketches", nyimbo za aina hii zilizopangiwa fidla na piano, za Clarence Cameron White, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mpiga fidla mwenyewe. Fritz Kreisler, mpiga fidla mashuhuri, alirekodi moja kati ya hizo. Safari hii silipi. Matoleo ya miaka hiyo hayana tena hakimiliki Marekani, kwa hiyo nitatafuta nakala ya bure nichape mwenyewe, nikikagua kingo za kurasa kwanza.

Muziki nyota tano, uchapaji mbili.