Krismasi ndani ya boti ya tanga: Antigua au Bequia?

Msimu wa vimbunga wa Karibi huisha rasmi Novemba 30, na kufikia Krismasi boti za tanga zimeshajaa visiwani.

Antigua, pale English Harbour, unafunga boti gatini. Unatupa nanga mbele, unarudi kinyumenyume, kisha kamba za tezi, yaani za nyuma ya boti, unazifunga kwenye gati la Nelson's Dockyard, eneo lililoingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2016. Maji na umeme viko hapohapo. Ila minyororo ya nanga hupandana, na jirani akiondoka alfajiri huenda akang'oa nanga yako. Bili nayo haina huruma.

Bequia, kisiwa cha nchi ya Saint Vincent na Grenadines, unakaa kwa nanga ndani ya Admiralty Bay. Ghuba inatazama magharibi, hivyo pepo kali za Desemba kutoka mashariki haziinui mawimbi makubwa humo, ingawa hata mkate unaufuata kwa kidau. Lakini sherehe! Katika Nine Mornings, asubuhi tisa kabla ya Krismasi, watu wa Saint Vincent na Grenadines huamka kabla ya mapambazuko kuimba na kucheza. Kuna juisi ya choya yenye tangawizi, na keki nyeusi iliyoshiba ramu.

Mwenye watoto wadogo achague Antigua. Mimi, Bequia.