Kamera na programu za kufuatilia mwendo: nini ununue ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Mwezi wa sita mwaka jana mama mmoja mwenye ghala la viazi Uyole alinipigia simu alfajiri. "Fundi, simu imelia usiku kucha. Nimeamka, nimetoka na tochi, mtu hakuna. Njoo uitoe hii kamera yako."

Kamera sikuwa nimeiuza mimi, lakini nilikwenda. Ilikuwa mpya, megapikseli 8, imefungwa vizuri chini ya paa. Nilipofungua picha za usiku nikakuta weupe mtupu, kama vile mtu ametandika shuka mbele ya lenzi. Ni ukungu. Taa za infraredi zilizoizunguka lenzi, zenye mwanga ambao jicho la mtu halioni lakini kamera inauona, zilikuwa zinamulika matone ya ukungu, matone yanarudisha ule mwanga palepale ulikotoka, na kila upepo ukivuma programu inadhani kuna kitu kimepita. Kamera haikuwa na kosa lolote. Mama wa watu alikuwa ameuziwa megapikseli, na shida yake ilikuwa mwanga na programu.

Ndiyo maana mpangilio huu unaanza na programu. Chagua kwanza kitakachoitazama video, kisha utafute kamera inayokifaa.

Kuna kazi tatu ambazo wauzaji huziita zote "motion". Ya kwanza ni kugundua kwamba picha imebadilika: programu inalinganisha picha ya sasa na zilizotangulia, pikseli zikitofautiana vya kutosha inapiga kelele. Haijui kama ni mwizi au ni jani la mgomba. Ya pili ni kutambua kitu chenyewe: huyu ni mtu, hili ni gari, huyu ni mbwa. Ya tatu ndiyo kufuatilia hasa: mtu aliyeonekana getini sekunde hii, programu inakisia atakuwa wapi kwenye picha inayofuata, inamkuta, na inajua ni yuleyule mpaka atoke upande wa pili. Kwa Tukuyu, ambako migomba imezunguka nyumba na mvua ni nyingi, kamera yenye kazi ya kwanza peke yake itakusumbua mpaka uizime.

1. Frigate, na kamera ya waya

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa duka kubwa, ghala, shule au nyumba yenye kamera kuanzia tatu. Frigate ni programu ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi zote tatu ndani ya kompyuta yako bila kutegemea intaneti. Inaangalia kwanza kama kuna mwendo, na pale penye mwendo tu ndipo inapotafuta mtu au gari, kwa hiyo haichoshi mashine. Kwa kazi hiyo picha 5 kwa sekunde zinaitosha.

Haihitaji kompyuta ya kifahari. Zile kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, Dell OptiPlex Micro au Lenovo ThinkCentre Tiny, zinafaa sana. Angalia tu prosesa iwe Intel ya kizazi cha 6 au zaidi, maana kuanzia hapo Frigate inaweza kutumia sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa kutambua vitu, kwa njia inayoitwa OpenVINO. Kuna kifaa kidogo cha USB cha Google kiitwacho Coral, cha kuisaidia kompyuta kutambua vitu, ambacho watu wengi wanakisifia, na kweli kinafanya kazi kwa umeme kidogo, lakini kama kompyuta yako ni ya Intel hiyo niliyoitaja, pesa ya Coral iweke kwenye diski.

Ugumu wake ni kuifunga. Inakaa kwenye Linux badala ya Windows, ndani ya Docker, ambayo ni kama boksi la kuendeshea programu, na mipangilio yake inahitaji mtu mwenye subira. Kama huna kijana wa kompyuta unayemwamini, nenda namba 2.

Kamera ya kuipa: yoyote inayotoa RTSP, yaani inayokubali kumwaga video yake kwa programu ya mtu mwingine, na yenye mikondo miwili, mkubwa wa kurekodi na mdogo wa kuchambua. Muulize muuzaji maswali hayo mawili kabla hajaanza kukueleza megapikseli. Megapikseli 4 zinatosha kwa ua wa kawaida. Nunua ya PoE, umeme na video vinapita waya mmoja mpaka mita 100, na ukiweka UPS moja, yaani betri ya akiba, kwenye swichi inayounganisha waya za kamera, kamera zote zinabaki hai umeme ukikatika.

Kuhusu huo waya, tembea na wembe. Mwanjelwa kama ilivyo Kariakoo kuna maboksi ya waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa juu. Kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe ndani, uache, maana kwa umbali mrefu umeme unapungua njiani na kamera itakuwa inajizima usiku, pale taa zake zinapowaka.

2. Mashine ya NVR (ya kurekodi video za kamera) yenye akili yake

Hikvision wanaiita AcuSense, Dahua wanaiita WizSense. Kamera au mashine yenyewe inatofautisha mtu na gari dhidi ya vitu vingine, na unaweza kuchora mstari: akiuvuka mtu, simu inalia. Hakuna Linux wala kompyuta ya pembeni, na mafundi wengi wa Mbeya na Iringa wanazijua. Kwa mtu anayetaka kitu kifungwe leo na kesho aendelee na biashara zake, hii ndiyo bora.

Hakikisha tu jina hilo limo kwenye kamera au mashine unayonunua, kwa sababu zipo za chapa hizohizo zisizo na uwezo huo na kwa macho zinafanana. Jambo jingine ni nywila na masasisho. Mwaka 2021 uligundulika udhaifu katika kamera nyingi za Hikvision ambao ungemwezesha mtu wa mbali kuitawala kamera bila nywila. Kampuni ilitoa marekebisho, lakini kamera iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kuwa bado na programu ya zamani. Mwambie fundi aisasishe mbele yako, na asifungue mlango wa rauta kuelekea nje, yaani asiiache kamera ifikiwe moja kwa moja kutoka intaneti.

3. Kamera ya Wi-Fi inayogeuka, kama Tapo C200

Kwa sebule, fremu ya duka au chumba cha mtoto, sina ubishi nayo. Bei yake inavumilika, inarekodi kwenye memori kadi, inageuka kumfuata anayetembea, na inatoa RTSP, kwa hiyo siku ukihamia Frigate haitupwi. Kumbuka ni ya ndani, na inapokea Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee.

Ila usiifanye mlinzi wa ua. Kamera inayogeuka ikimfuata mtu upande wa choo, geti linabaki bila jicho. Nyingine zinamfuata hata kuku. Na programu inayolinganisha picha na zilizotangulia huchanganyikiwa kabisa kamera ikizunguka, maana dunia nzima imesogea. Mahali pa wazi weka kamera zisizogeuka.

4. Agent DVR au ZoneMinder

Hizi nazo ni programu za kurekodi na kuchambua video za kamera. Agent DVR ni rahisi kuifunga hata kwenye Windows na matumizi ya nyumbani ni bure, ila kuitazama ukiwa mbali kwa huduma yao unalipia. ZoneMinder ni kongwe, ya bure, imara, ya Linux. Zote zinafaa kama tayari una kompyuta na kamera za mchanganyiko.

5. Za betri na sola

Kwa shamba la Kitulo au la miti Mufindi lisilo na umeme, hakuna jingine la kununua. Lakini ujue unachonunua: kamera inalala, kihisi cha joto kinaiamsha mtu akipita, na mara nyingi rekodi inaanza wakati ameshafika katikati ya picha. Nyingi pia hazitoi RTSP. Ni za kutoa taarifa, kufuatilia haziwezi.

Anayetaka kuhesabu au kupima

Kijana mmoja wa Njombe aliniuliza kuhusu kuhesabu parachichi zinazopita kwenye mkanda wa kufungashia. Hapo kamera za ulinzi ziweke pembeni. OpenCV, maktaba ya bure iliyoanzia Intel mwaka 1999, ina kila kitu cha kutenganisha kinachotembea na kilichosimama. Kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo tunda linalokwenda kasi hutoka limepinda. Atafute kamera inayosoma picha yote kwa mkupuo, kama Global Shutter Camera ya Raspberry Pi. Ina megapikseli 1.6 tu, na kwa kazi hii zinatosha. Akitaka kutumia YOLO ya Ultralytics, programu ya kutambua vitu kwenye picha, asome leseni yake ya AGPL, inayoweza kumdai auweke wazi msimbo wake, kabla ya kumuuzia mtu mfumo huo.

Kabla ya kutoa pesa

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha. Mafinga nilionyeshwa video ya Fuso ikitoka na mbao jioni: gari linaonekana, namba yake ni mchirizi mweupe. Kamera ilikuwa kwenye 1/25 ya sekunde. Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa husogea sentimita 40 ndani ya muda huo. Kwa 1/500 linasogea sentimita 2. Ila ukiongeza kasi ya shata picha inakuwa giza, kwa hiyo lazima uongeze taa. Mtu anayetembea hahitaji yote hayo, lakini usikubali kamera isiyokuruhusu kubadilisha shata kwa mkono.

Diski. Mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde unakula karibu gigabaiti 22 kwa siku. Kamera nne ni kama 86, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 inabeba siku 11 hivi. Nunua ya kazi hiyo, WD Purple au SkyHawk. Na ukitazama mkondo huohuo kwa simu, saa moja inakula megabaiti 900 za bando. Mkondo mdogo wa kilobiti 512 unakula kama 230.

Jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Elekeza kamera kwako, isiingie uani kwa watu, na uweke bango getini.

Ukungu. Zima taa za ndani ya kamera, nunua taa ya infraredi ya pembeni, uifunge mita tatu au nne kutoka kwenye lenzi ikimulika kwa ubavu. Mwanga unaorudi kwenye lenzi unapungua sana, na buibui nao wanahamia kwenye taa, wanaacha kutanda mbele ya kamera.

Pale Uyole ndivyo tulivyofanya. Kamera ileile ilibaki, maana ilikuwa na RTSP, tukaongeza taa moja kwenye nguzo ya geti na kompyuta ndogo iliyotumika yenye Frigate, tukaiambia itume taarifa kwenye simu pale tu inapoona mtu, tena ndani ya mita chache za mlango wa ghala. Wiki iliyofuata mama alinitumia picha ya saa tisa usiku. Ukungu bado umejaa, na katikati yake anaonekana mlinzi wake na koti lake refu, amezungushiwa kisanduku, anakagua kufuli.