Feni Tatu za Rangi Ndani ya Kasha la Kompyuta: Uchambuzi Baada ya Miezi Miwili

Watazamaji wapendwa, hamjambo. Kasha mnaloliona hapa mezani ni la kompyuta yangu ya kazi, ile ninayohariria video hizi, na miezi miwili iliyopita niling'oa feni zake za zamani nikafunga seti ya feni tatu za milimita 120 zenye taa za rangi, niliyoinunua Luthuli Avenue, hapa Nairobi. Jina lililo kwenye boksi sitalitaja, kwa kuwa seti za namna hii hufanana sana hata zinapobandikwa majina tofauti, na nitakayoyasema yanahusu aina yenyewe kuliko muuzaji.

Nianze na taa, maana ndizo zilizonitoa pesa mfukoni. Nikizima taa ya chumba mtaona pete mbili za mwanga, moja ikizunguka ukingo wa feni na nyingine ikiwa katikati. Kila kitaa kina nyekundu, kijani na bluu, na kila rangi ina viwango 256, ndiyo maana boksi linajisifu kwa rangi milioni 16.7, ingawa sijui ni nani mwenye macho ya kuzihesabu. Hapa sina lawama hata kidogo: mwanga umetandazwa sawasawa, huoni nukta za kitaa kimoja kimoja nyuma ya plastiki, na rangi nyeupe inaonekana nyeupe kwelikweli badala ya kuelekea bluu.

Sasa tazameni plagi hii kwa karibu. Ina pini sita, na haiingii kwenye ubao mama wowote ninaoufahamu, yaani ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta. Inaingia tu katika kidhibiti kilichokuja na seti, kisanduku hiki kidogo nilichokibandika nyuma. Kwa hiyo feni huzunguka kwa kasi ileile, kompyuta iwe imepumzika au imeelemewa, kwa sababu prosesa haina njia ya kuiambia feni kwamba joto limepanda. Feni moja ikifa, huwezi kwenda dukani ukanunua moja ya kuziba pengo, bali utalazimika kutafuta seti nzima. Na stima ikipotea, jambo ambalo mtaani kwetu si hadithi, kidhibiti husahau rangi uliyoichagua na kurudia upinde wa mvua, nawe unaanza kuisaka rimoti chini ya makochi.

Feni ya kawaida ya kisasa huwa na waya mbili tofauti. Waya wa kwanza una pini nne, hubeba umeme wa volti 12 pamoja na ishara ya kupandisha na kushusha kasi. Waya wa pili ni wa taa, na hapo ndipo watu huunguza vitu. Taa ambazo kila moja hupokea amri yake hutumia volti 5 na plagi ya pini tatu yenye pengo la pini ya nne, ilhali taa za aina ya zamani, zinazowaka zote rangi moja kwa wakati mmoja, hutumia volti 12 na pini nne kamili. Kijana mmoja aliniletea kompyuta ambayo taa zake ziliwaka mara moja tu zikazimika moja kwa moja. Mtu aliyemfungia alikuwa amelazimisha plagi ya volti 5 kwenye soketi ya volti 12. Someni maandishi madogo yaliyochapishwa kando ya soketi kabla ya kusukuma chochote.

Hesabu nyingine ya kuzingatia ni ya ampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme. Kitaa cha aina ya volti 5 huweza kula takriban miliampea 60 kikiwaka nyeupe kabisa, na soketi ya taa kwenye ubao mama kwa kawaida hustahimili ampea 3, kwa hiyo vitaa 50 vinaifikisha ukingoni. Feni tatu zenye vitaa 16 kila moja zinapita kwa shida; mkiongeza utepe wa taa juu yake, tumieni kidhibiti kinachochota umeme wake moja kwa moja kutoka pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta.

Tuje kwenye hewa. Nimewasha kijiti cha udi, na mama watoto ameshalalamika, lakini moshi hausemi uongo. Ninapokishika mbele ya feni ikiwa nje ya kasha, moshi unavutwa moja kwa moja. Nikiirudisha feni nyuma ya kioo hiki cha mbele, ambacho kimewekwa ili taa zionekane, moshi unasitasita, unapinda kuelekea upenyo mwembamba wa pembeni, na mwingine unapanda zake darini. Mapanga ya feni hii ni machache na yameachana sana, nayo pete ya taa imekula nafasi ambayo yangeifikia, kwa hiyo haina msukumo wa kuvuta hewa kwenye kizuizi. Nilipokitoa kioo na kuweka wavu wa chuma, joto la kadi ya michoro wakati wa kuhariri lilishuka kutoka nyuzi 81 hadi 74, bila kugusa feni yenyewe.

Wachambuzi wengi tunaowatazama hupimia feni zao karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika sita. Feni husogeza ujazo uleule, lakini ujazo huo una hewa kidogo, hivyo hubeba joto kidogo. Baridi ya Julai hutusaidia. Februari hatuna wa kututetea.

Kuhusu vumbi nitasema kwa ufupi: feni za kuingiza hewa ziwe na nguvu kuliko za kutoa, na zote za kuingiza ziwe na chujio, ili hewa isiingilie kwenye nyufa. Upande wenye mikono ya plastiki inayoshika mota ndio unaotoa hewa. Mnapopuliza vumbi, yashikeni mapanga kwa kidole, kwa sababu kuyaacha yazunguke kwa kasi kupita kiasi huumiza beringi.

Kwa hiyo seti hii siipendekezi kwa mtu anayehitaji kompyuta ipoe, na kwa anayetaka urembo tu ningemshauri achukue feni nyeusi zisizo na taa, kwa mfano Arctic P12 ya pini nne, ambayo kasi yake hufika mizunguko 1,800 kwa dakika, kisha anunue utepe mmoja wa taa wa volti 5. Mimi nimefanya hivyo mbele ya kasha, na kati ya zile tatu nimeibakiza moja tu nyuma, mahali ambapo hakuna kizuizi na kazi yake ni kutoa hewa moto.

Sasa nitanyamaza kwa sekunde 20. Kumi za kwanza mtasikia feni tatu za rangi, kumi za mwisho mtasikia mpangilio huu mpya, vaeni visikilizi.