Nilitafuta nyumba Mbeya nikiwa na mbwa mzee: vyumba vya wanyama nilivyooneshwa na kile tulichochukua

Naandika kwa yeyote anayehamia Mbeya na mnyama wake. Wiki tatu nilizozunguka na madalali zimenionesha mambo ambayo ningefurahi sana kama mtu angenidokeza kabla sijapanda basi.

Mimi ni mwalimu. Nilihamishwa kutoka Morogoro mwishoni mwa Mei, nikaja na paka wawili na mbwa wangu Chausiku, jike la kienyeji, jeusi tii, lenye miaka tisa. Nyonga zake zimechoka. Morogoro alilala barazani mwaka mzima bila tatizo, lakini Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hata mtu mzima hulala na blanketi mbili. Kwa hiyo fensi peke yake haikunitosha. Nilitaka mahali pa ndani, pakavu, ambapo mbwa mzee atajilaza bila kuamka asubuhi akichechemea.

Dalali wa kwanza nilimpata kijiweni Kabwe. Alitoza 10,000 kwa kila nyumba ya kuoneshwa. Habari za Chausiku nilimweleza tangu mwanzo, akaitikia, "Hamna shida, dada." Tukafika nyumba mbili na zote mbili mwenye nyumba hakuwa ameambiwa chochote kuhusu mbwa. Ya pili ilikuwa Block T, ya mzee mmoja Mwislamu. Alinipa kiti, akaniuliza habari za safari, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, paka wako karibu hata leo. Mbwa hapana, sisi humu uani tunaswali." Nilimshukuru kwa kunyooka kwake. Kilichoniuma ni dalali. Njiani akanishauri nirudi nilipe kodi, mbwa nimlete usiku, mzee atazoea. Siku hiyo hiyo niliachana naye, na 20,000 yangu ikaishia hapo. Sikuweza kuingia kwenye nyumba ya mtu kwa kumdanganya juu ya ibada yake.

Wa pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Huyu kijana anatoza 20,000 mara moja tu, mtazunguka hata nyumba kumi, kisha ukipata unampa udalali wa kodi ya mwezi mmoja. Kabla hatujaenda popote aliniuliza maswali: mbwa ana umri gani, anabweka usiku, amechanjwa kichaa, kadi ya chanjo ipo? Halafu akawa anawapigia wenye nyumba mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika, sentensi ya kwanza ikiwa, "Mpangaji ni mwalimu, ana mbwa mmoja mzee na paka wawili." Wengi walikataa hapo hapo. Sikukasirika hata kidogo, maana kila aliyekataa kwenye simu aliniokolea nauli ya bajaji. Waliobaki walikuwa wale ambao tayari wana chumba cha mnyama, na huko ndiko nilikoona mambo.

Ya kwanza ilikuwa Ilomba. Vyumba viwili, sebule, jiko, na pembeni ya jiko mlango mwembamba. Mama mwenye nyumba aliufungua akasema hapo mbwa atalala vizuri mno, pana joto. Kweli palikuwa na joto. Kilikuwa chumba cha kulelea vifaranga: madirisha yamezibwa kwa nailoni, waya za taa zinaning'inia, dari jeusi kwa masizi ya jiko la mkaa. Maranda yalikuwa yameshazolewa, lakini macho yalianza kuniwasha nikiwa bado mlangoni. Hiyo ni amonia ya mavi ya kuku, na huingia kwenye plasta na saruji. Ukiosha kwa sabuni inapungua, mvua ikinyesha na unyevu ukipanda inarudi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, ndiyo maana chumba huzibwa namna ile. Mbwa anahitaji hewa. Pua yake ina kazi kubwa kuliko macho yake, na kumfungia kwenye harufu ile ni kumtesa.

Tena, yale masizi yalinitia hofu. Wapo watu, hasa msimu wa baridi, wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango ili mnyama apate joto. Mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua mbwa kama inavyoua mtu. Nilimwambia yule mama, akanijibu kwamba vifaranga walikuwa wanakufa usiku bila sababu, akadhani ni ugonjwa. Tulisimama pale kama nusu saa tukizungumza habari hiyo tu. Nyumba sikuichukua.

Uzunguni tulienda kuona moja ya zile nyumba za zamani zenye dohani, kodi 600,000, ambayo nilijua tangu getini kwamba siiwezi. Dalali alitaka nikione tu chumba chake cha mbwa. Marumaru kuanzia sakafuni hadi darini, bomba la kuogeshea, beseni la zege limejengewa ukutani, geti la nondo badala ya mlango. Mwenye nyumba alifuga mbwa wakubwa wa ulinzi. Kwa macho kinapendeza, ila nilivua kiatu nikakanyaga sakafu saa nne asubuhi, mguu ukafa ganzi. Dirisha lilikuwa kioo kisichofunguka, na kwenye pembe zote nne ukungu mweusi ulikuwa umeanza kupanda. Maji ya kuogeshea hayana pa kukaukia. Yaani fedha nyingi imetumika, na mbwa angeumwa.

Sasa ile ya Igawilo, ambayo bado naiwaza.

Mwenye nyumba ni bibi wa Kinyakyusa. Tulifika na kumwamkia, akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," akatupeleka moja kwa moja jiko la nje. Ndani, kuzunguka mafiga, alijenga ukuta mfupi wa matofali, unafika magotini. Nyuma ya ukuta huo, juu ya majani makavu, walikuwapo simbilisi, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya wasio na mkia, labda ishirini, wengine weupe, wengine mabaka ya kahawia. Aliposogeza tu fungu la majani mabichi wakaanza kupiga mbinja wote kwa pamoja, chumba kizima kikalia. Huku Nyanda za Juu Kusini ufugaji huu si mgeni, na kumweka simbilisi karibu na moto wa jikoni kuna maana yake: baridi na upepo vinamdhuru upesi. Bibi alinionesha vitoto vya siku moja. Vinazaliwa na manyoya na macho yamefumbuka, siku hiyo hiyo vinakimbia. Mimba yao ni ndefu kwa mnyama mdogo hivyo, zaidi ya miezi miwili. Bibi alisisitiza majani mabichi kila siku, akisema wakila pumba tupu wananyong'onyea. Yuko sahihi, kwa sababu simbilisi, kama sisi watu, mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C.

Nilichopenda pale ni kwamba kila kitu kimewekwa kwa ajili ya mnyama mwenyewe. Ukuta mfupi kwa sababu simbilisi haruki. Tundu la hewa juu, karibu na paa, ili moshi utoke bila upepo kuwapiga chini. Majani yanabadilishwa kila asubuhi, yale machafu yanaenda bustanini kwenye chinese na figiri. Nimeona vyumba vya watu vilivyofikiriwa vibaya kuliko jiko lile.

Lakini nyumba alitaka kuipangisha pamoja na simbilisi wake, yeye akienda kukaa kwa mwanawe Tukuyu, na mpangaji awahudumie. Nilitamani kukubali. Chausiku ni mzee lakini bado ni mbwa, na ukuta wa magotini kwake si kitu. Paka ndiyo kabisa. Nikamwambia bibi ukweli. Akacheka, akanishika mkono, akasema, "Ndaga fijo, mjukuu wangu," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na akanipa fungu la figiri niondoke nalo.

Nyumba mbili nyingine nazipita haraka. Soweto kulikuwa na banda la njiwa limejengwa juu ya paa, zuri kabisa, ila kinyesi chao kinatiririka kwenye mfereji unaojaza simtanki la maji ya mvua, na mama wa nyumba alikuwa anachota humo maji ya kupikia. Mwambie mtu asogeze banda au mfereji kabla hujasaini. Nyingine sitaitaja ilipo: mwenyewe alinionesha kwa fahari kizimba cha tumbili ndani ya stoo. Mnyamapori hafugwi bila kibali, sheria ya mwaka 2009 iko wazi, na yule tumbili alikuwa anajikuna mpaka anatoka damu. Nilitoka.

Tuliyochukua iko Forest Mpya, na chumba chenyewe ukikipiga picha hakivutii. Kilikuwa stoo ya mahindi ya fundi seremala. Sakafu ni ya mbao, imeinuliwa kama futi moja kutoka kwenye zege ili gunia lisishike unyevu. Mlango umekatwa katikati: unafunga nusu ya chini, nusu ya juu inabaki wazi, na ukiwa sebuleni unamwona mbwa naye anakuona. Dirisha lina wavu na linafunguka. Mbao zina nafasi ndogo ndogo, uchafu unafagilika, na chokaa ya ukutani inapakwa upya kila mwaka kwa gharama ndogo.

Jambo kubwa zaidi ni upande linakotazama dirisha. Kijana wangu wa udalali ndiye aliyenieleza, na nilikuwa sijawahi kulifikiria. Miezi ya Juni na Julai jua la Mbeya hupita upande wa kaskazini, na kaskazini ya mji ndiko ulipo mlima Loleza. Kwa hiyo dirisha linalotazama Loleza linaingiza jua wakati wa baridi kali. Linalotazama kusini linakaa kivulini miezi ile ile unayohitaji jua. Nilirudi kuthibitisha saa sita mchana, nikakuta mraba wa jua katikati ya sakafu. Kumbe kile chumba cha marumaru cha Uzunguni kilitazama kusini.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kodi 280,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo ni 1,680,000, udalali 280,000, na ile 20,000 ya kuzungushwa. Mwenye nyumba aliomba kuona kadi za chanjo kabla ya kugusa fedha. Chausiku huchanjwa kichaa kila mwaka tangu alipokuwa na miezi mitatu, kadi imejaa mihuri, na nadhani kadi hiyo ndiyo iliyotupatia nyumba kuliko mshahara wangu. Tuliandika kwenye mkataba idadi ya wanyama, nani anatengeneza kikiharibika kitu, na kwamba mbwa halali nje usiku. Serikali ya mtaa wakagonga muhuri.

Kasoro zipo. Geti halifungi vizuri chini, paka mmoja ameshapita mara mbili. Mbao za sakafuni zinatoa sauti kila Chausiku akijigeuza, na wiki ya kwanza nilikuwa naamka. Dalali naye aliahidi fundi wa geti ndani ya siku tatu, imefika wiki ya pili sasa. Hata hivyo kwa huduma yake nampa nyota nne kwa moyo mweupe, na nimeshampelekea mwalimu mwingine mwenye sungura.

Nimetandika gunia mbili na blanketi kuukuu chini ya dirisha. Asubuhi Chausiku analala upande wa mlango. Ikifika saa nne anainuka mwenyewe, taratibu, mguu wa nyuma ukifuata, anaenda kujilaza pale jua linapoangukia.